Mwitikio Kutoka Bwaloni

Jumapili, 2 Februari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Naapa nitakueleza yote bila kuruka hata moja, kwa sababu Mama husema nikisimulia jambo huanzia katikati, na msikilizaji hubaki ananyoosha shingo. Safari hii naanzia mwanzo.

Mwanzo ni kwamba barua yako imefika. Simu haziruhusiwi bwenini, kwa hiyo barua zako huingia kwenye simu ya Mwalimu wetu wa Muziki, naye huzichapa na kunipa. Hizi zangu huzipiga picha ukurasa kwa ukurasa, akakutumia. (Mwalimu, kama umefika hapa: asante, na samahani kwa mwandiko.) Sisi tunamwita Mwalimu Kijiti, kwa ajili ya kile kijiti chake cha kuongozea kwaya. Anajua. Juzi kwenye ubao wa matangazo aliandika mwenyewe: "Mazoezi saa kumi. Kijiti."

Jana basi, kwenye mazoezi, alivaa miwani akasoma barua yako mbele ya wote. Kwamba baada ya miaka mingi ya kuimba nyuma ya watu, sasa unarekodi albamu yako mwenyewe. Kwamba wimbo wa kwanza ni "Yaende", ule ule tunaouimba kila Jumamosi tukipiga deki bwaloni, ambao uliuanzisha wewe ulipokuwa kiranja wa usafi hapa hapa shuleni. Na kwamba unataka mwitikio wake uimbwe na sisi!

Mama Mdogo, mayowe! Aliyekaa mwisho wa benchi alianguka, na aliyemfuata akaangukia juu yake, na hakuna aliyewainua. Mwalimu Kijiti aligonga meza, tukanyamaza, kisha tukaanza tena.

Ameanza kazi leo. Amesema, "Huu ni wimbo wa ndoo. Sasa unasafiri, lazima uvae viatu." Anaupanga kwa sauti tatu. Amechagua wasichana kumi na wawili, na mimi nimo, sauti ya pili. Tunarudia neno moja tu, "Yaende," mpaka ndimi zimechoka, kwa sababu anataka wote tulianze pamoja na kulimaliza pamoja, kama mlango mmoja unaofungwa.

Rafiki zangu wanauliza maisha ya mwimbaji wa ng'ambo yakoje. Mmoja anasema lazima una dereva. Mwingine anasema hamli wali, kwamba unaharibu sauti. Tafadhali wajibu, maana mimi nimeshindwa kubishana nao.

Wako mtiifu,
Chiriku


Jumatano, 5 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi, mfuko wa vitunguu mkononi, nikipiga vigelegele, mpaka jirani akafungua mlango kuuliza kama kuna msiba. Nikamwambia kuna harusi.

Waambie rafiki zako sina dereva, na wali nakula hadi ukoko. Nilipofika huku nilianza kuimba kwenye mkahawa wa hoteli. Nyimbo za watu, na walaji wakikata nyama bila kuinua kichwa. Kisha mpiga gitaa mmoja mwenye jina kubwa akanichukua niwe mwitikiaji wake. Miaka minane nimesimama nyuma yake nikisema "oo" na "ee". Usicheke, mtoto wewe. Kuna "oo" nilizoziimba zikatoa watu machozi. Lakini ukitazama picha za jukwaani, mimi ndiye ule mkono unaoonekana pembeni.

Tulizunguka miji mingi sana. Watu wakitoka ukumbini walikuwa wanauimba mwitikio wangu, si ubeti wake. Nikawa nawasikia nikiwa nakunja nyaya, nacheka peke yangu. Ndipo nikaanza kujiuliza: mbona mimi sina ubeti?

Sasa nyumba ninayokaa ina ghorofa nyingi na kuta nyembamba. Nikifungua kinywa tu, wa juu anagonga sakafu kwa mpini wa fagio. Kwa hiyo mazoezi nafanyia chini kabisa, kwenye chumba cha mashine za kufulia za jengo zima. Nina msikilizaji mmoja mwaminifu, bibi mwenye mashuka mengi. Hajui neno hata moja la lugha yetu, lakini nikinyamaza ananinyooshea kidole: endelea. Ni pale, mashine zikisukuma maji, "Yaende" ilinirudia. Nilijikuta naimba huku nasukuma sakafu kwa mguu kama chizi.

Prodyuza wangu ni mtu mwema lakini hana subira. Ameshaleta kina dada watatu wa studio waitikie. Wanaimba kama asali. Tatizo ni kwamba wimbo wenyewe hautaki asali. Nikamwambia, "Nipe nafasi, nina watu wangu." Akajibu, "Albamu ni yako, lakini saa za studio ni zangu." Ijumaa ya tarehe 21 anafunga wimbo huo. Nisipopata sauti zenu kufikia hapo, watabaki wale dada.

Nataka nikwambie kwa nini naling'ang'ania hili. Ni mara yangu ya kwanza kusimama mbele. Nikijisikia mgeni ndani ya wimbo wangu mwenyewe, wa pili sijui nitauimba kwa uso gani. Basi imbeni, wanangu. Imbeni kama mnavyoimba.

Msalimie sana Mwalimu.

Mama Mdogo wako


Jumanne, 11 Februari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Tumerekodi! Tumerekodi!

Mwalimu Kijiti aliazima magodoro bwenini, tukayaegemeza kwenye kuta za chumba cha muziki ili sauti isirukeruke. Akatuamuru tuvue viatu, visilie sakafuni. Dirisha likafungwa kwa sababu ya kunguru. Joto lilikuwa kama tumo ndani ya sufuria. Na kabla ya yote, alitutaka tuje na sare zilizopigwa pasi.

Mmoja wetu akauliza, "Mwalimu, si wanatusikia tu? Pasi ya nini?"

"Aliyekunjamana huimba amekunjamana," akasema Mwalimu. "Nenda kapige pasi."

Tuliimba mpaka hata aliyekuwa na kikohozi akapona. Kila mmoja akikosea, tunaanza upya. Alikuwa anatuonyesha kwa kijiti: hapa ndipo mnaanza, hapa ndipo mnakata. Ile mara ya mwisho, Mama Mdogo, tulikata wote kwa pamoja kabisa, na chumba kikabaki kimya, na Mwalimu akashusha mkono polepole akasema, "Hiyo." Neno hilo moja tu. Sijawahi kumwona akitabasamu mpaka meno ya nyuma.

Ameshakutumia. Ameniambia hata kwenye mashindano ya shule hatukuwahi kuimba hivyo, na ni kweli.

Andika upesi! Prodyuza amesemaje? Wale dada watatu wamesemaje?

Wako,
Chiriku, sauti ya pili


Ijumaa, 14 Februari

Mpendwa Chiriku,

Sauti zenu zimefika salama. Kazi nzuri sana, yenye nidhamu ya hali ya juu. Nampongeza Mwalimu kwa juhudi zake, na kila msichana aliyeshiriki.

Prodyuza bado anasikiliza. Huku hali ya hewa ni baridi.

Soma kwa bidii.

Ni mimi,
Mama yako Mdogo


Jumapili, 16 Februari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Leo ni siku ya wazazi kutembelea, na barua hii nampa Mama aipige picha kwa simu yake. Haipiti kwa Mwalimu Kijiti. Kwa hiyo unaweza kusema.

Barua yako niliisoma mara nyingi, na kila nikimaliza naigeuza kuona kama kuna kitu nyuma. Tangu lini wewe ukaniandikia habari za baridi? Ukifurahi kweli huwa unanitania kwanza. Hukunitania hata kidogo. Hata Mama ameisoma akasema, "Mdogo wangu huyu anaumwa au amekasirika. Hawezi kusema 'nidhamu ya hali ya juu' akiwa mzima."

Mwalimu Kijiti hajaona kitu. Yeye ameibandika kwenye ubao wa matangazo, na neno "nidhamu" amelipigia mstari kwa wino mwekundu. Kila anayepita anaonyeshwa, hata mleta kuni.

Mama Mdogo, wimbo umekubaliwa au umekataliwa? Nimeshakuwa mkubwa, naweza kuambiwa.

Chiriku


Jumatatu, 17 Februari

(Ni mimi Mama yako ninayenakili hii kutoka kwenye simu. Nitakuletea kesho, nitasema nimeleta soksi. Usilie darasani.)

Chiriku wangu,

Marahaba. Umenibana, na dada yangu huyo naye ana pua ya paka.

Umekataliwa. Si kwa sababu ni mbaya, na hapo ndipo ninapopata taabu. Mmeimba vizuri kuliko wale dada. Lakini tulipoziweka sauti zenu pamoja na ngoma na sauti yangu, wimbo ukalala. Prodyuza akasema, "Wako nyuma yako kama picha ya ukutani." Nikataka kumrushia kikombe, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Unajua bwalo letu lilivyo refu. Kiranja anasimama kwenye dirisha la jikoni na ndoo, anaita. Walio karibu wanaitikia hapo hapo. Walio mlangoni, sauti inawafikia imechelewa kidogo, kisha wamejikunja na matambara, wanaitikia wanapoweza. Kwa hiyo "Yaende" haiji mara moja. Inaanzia jikoni, inakwenda, inakwenda, inatokea mlangoni pamoja na maji. Mimi nilipokuwa naita, nilikuwa naiona inavyoondoka. Hiyo ndiyo niliyoisikia kule chini kwenye mashine za kufulia. Na Mwalimu wenu amefanya kazi kubwa ya kuiondoa.

Nitamwambiaje? Mtu aliyewapigisha pasi kwa ajili ya sauti! Ningemwandikia hayo naye ndiye wa kwanza kuyasoma. Kwa hiyo nikaandika habari za baridi.

Usimwambie. Mpeni raha yake. Ijumaa wataimba wale dada, na dunia haitapasuka. Wimbo ni wimbo tu.

Mama Mdogo wako

(Mimi Mama tena. Hapo mwisho anadanganya. Amenipigia simu, na sauti haikuwa ya wimbo ni wimbo tu.)


Jumatano, 19 Februari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Uliniambia nisimwambie. Nimemwambia. Na barua hii inapita kwake, asome kila neno. Niliapa kueleza yote, ngoja nieleze.

Leo asubuhi, wakati wa mapumziko, nilimkuta chumba cha muziki anafuta kijiti kwa kitambaa. Nilisema, "Mwalimu, tuliimba vizuri, lakini hatukuimba 'Yaende'."

Akauliza, "Tuliimba nini basi?"

"Tuliimba wimbo mwingine wenye maneno hayo hayo."

Akaninyooshea kidole, akakirudisha. "Nani kasema?"

Nikasema, "Mama Mdogo aliogopa kukuumiza. Lakini mimi pia nilijua siku ile ile, nikiwa nimevua viatu. Nilikuwa nimesimama. Huu wimbo hauimbwi umesimama, Mwalimu."

Akaenda dirishani akanipa mgongo. Alikaa hivyo mpaka nikadhani nimefukuzwa kwaya na sijaambiwa tu. Kisha akasema bila kugeuka, "Miaka yote ninayofundisha hapa, kila Jumamosi mnapopiga deki nafunga dirisha hili ili nisisikie makelele." Akageuka. "Niambie yanavyokuwa."

Nikamwambia kuhusu dirisha la jikoni, na mlangoni, na ile njia sauti inayopita. Hakuandika kitu. Alitoka akaenda ofisi ya Mkuu wa Shule, na mimi nyuma yake nikikimbia.

Mkuu akasema, "Bwalo lipigwe deki leo? Mwalimu, leo ni Jumatano. Lilipigwa Jumamosi."

"Nalihitaji tena, mama."

"Ni chafu?"

"Halina hata chembe ya uchafu. Ndiyo maana nakuomba kwa adabu."

Mkuu akamtazama, akanitazama mimi, akatazama kijiti. "Chakula cha jioni kisichelewe," akasema.

Mama Mdogo, ungetuona! Si kumi na wawili tena, bweni zima! Wenye sare na wenye kanga, na wale wasiojua kuimba kabisa ambao kwaya iliwakataa. Mwalimu Kijiti aliweka simu yake irekodi kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, akakunja suruali mpaka magotini. Ana miguu myembamba, wasichana walikuwa wanajiuma mashavu wasicheke. Kiranja wa usafi ana homa, kwa hiyo wakasema, "Chiriku, ita wewe, si ni wa shangazi yako!" Nikawaambia si shangazi, ni mama mdogo, wakasema, "Ita, maji yanapoa!"

Nikamwaga ndoo. Nikaita:

"Maji, njia ni ile!"

"Yaende!"

"Mlango, usiyazuie!"

"Yaende!"

Na nikaiona, Mama Mdogo! Ulisema ulikuwa unaiona ikiondoka, na mimi nikaiona. Mwalimu Kijiti aliinua kijiti kuongoza, lakini hakuna aliyemtazama, wote walikuwa wameinama. Akakishusha. Akakichomeka mfukoni. Akachukua tambara.

Katikati mmoja aliteleza kutoka meza ya kwanza hadi ya tatu, kicheko kikaingia ndani ya wimbo, na mpishi akatoa kichwa akapiga kelele, "Nyie! Mnalowesha unga wangu!" Na sisi tukaitikia, "Yaende!" Hatukukusudia, Mama Mdogo, mdomo ulishazoea.

Tulipomaliza nikamwuliza Mwalimu kama turudie, kwa sababu ya mpishi. Alikuwa amelowa mpaka kifuani. Akasema, "Ukirudia, nitakufukuza kwaya."

Sauti yenyewe inakuja sasa hivi.

Chiriku wako


Jumatano, 19 Februari

Kwa Mama Mdogo wa Chiriku,

Salamu. Naambatisha sauti ya leo. Sikuiongoza, kwa hiyo isihesabiwe kuwa kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa kusukuma maji upande wa kushoto, na nilichelewa kila mara.

Ombi langu ni hili: siku nyingine ukiwa na neno juu ya kazi yangu, niandikie. Nimezeeka, lakini sijawa yai. Sauti hii ikikataliwa, niambie kwa maneno mawili. Ikikubaliwa, ongeza la tatu.

Ile barua yako ya "nidhamu" nimeibandua ubaoni. Mleta kuni ameniuliza imekwenda wapi.

Mwalimu Kijiti


Jumapili, 23 Februari

Chiriku, na Mwalimu, na yeyote anayesoma begani,

Imekubaliwa! Mwalimu, hilo ni neno moja, na mawili yanayofuata ni haya: asante sana!

Ilikuwa hivi. Fundi mitambo alibonyeza, tukasikia ndoo. Kisha Chiriku akaita. Mimi nilikuwa nimeketi nikasimama. Fundi mitambo, ambaye tangu tuanze albamu hii sijamwona akitikisa hata unyusi, akaanza kupiga mguu. Prodyuza akairudisha mwanzo. Ilipofika kwa mpishi akauliza, "Huyu mama anasema nini?" Nikamfasiria. Akacheka akashika mbavu, akasema, "Asitolewe. Akitolewa na mimi natoka."

Wale dada watatu nao walikuwepo, wamekuja kufanya kazi yao. Nilikuwa nawaonea aibu. Yule mrefu akaniuliza, "Wanafanyaje hiyo ya kuondoka?" Nikawaambia, "Mpaka muwe na sakafu." Wakavua viatu, wakafundishwa, na ubeti wa mwisho wameitikia pamoja nanyi. Safari hii haikuwa asali.

Nimeimba, Chiriku. Nimeingia ndani ya wimbo kama mtu anayeingia kwao bila kubisha hodi. Miaka minane ya "oo" ilikuwa imejikusanya kifuani, ikatoka yote. Nilipomaliza hawakupiga makofi. Waliniambia nikanywe maji.

Jina lenu litaandikwa chini ya langu: Wasichana wa Bwaloni.

Sasa sikiliza vizuri. Albamu ikitoka wananitaka nizunguke nayo, na kituo kimoja ni nyumbani. Nimeomba siku moja isiyo na ukumbi wala taa. Jumamosi ya mwisho kabla hamjafunga shule, nitakuwa bwaloni kwenu na tambara langu. Nimeshamwuliza Mkuu, amekubali, na wazazi watakaribishwa. Na kuita utaita wewe. Usinibishie. Kuitikia ni kazi ninayoijua kuliko mtu yeyote huku. Mimi nitasimama mlangoni.

Mama Mdogo wako


Jumatatu, 24 Februari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo! Barua imesomwa bwaloni, Mwalimu Kijiti amesimama juu ya benchi, na mpishi aliposikia ametajwa akarudi jikoni akafunga dirisha, kisha akalifungua aulize atasikika redio gani. Sijui nani alianza kumwagia mwenzake maji. Tumepewa adhabu ya kufagia uwanja, na tumefagia tunaimba.

Mama amepiga simu kwa Mkuu kuuliza kama anaruhusiwa kuja na matambara yake mwenyewe.

Mimi nimefurahi sana. Halafu nikilala nakumbuka kwamba Jumatano ile tulikuwa wenyewe kwa wenyewe na vichwa vimeinama. Siku hiyo watakuwepo wazazi na Mkuu, na wewe, ambaye umeimba mbele ya kumbi zilizojaa, utakuwa upande ule wa mbali unaningoja. Koo langu linaweza kukauka. Naweza kuanza juu mno, au nikaanza na ubeti usio wenyewe. Mwalimu Kijiti nimemwuliza, akasema hilo siyo swali la mwongoza kwaya, ni swali la mwitikiaji.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, na tafadhali unijibu kwa barua ya kwanza kutoka, kwa sababu mazoezi yameanza: nikikosea mbele ya watu wote, utaitikia vile vile nilivyoita, au utanyamaza mpaka nianze upya?

Wako,
Chiriku, mwitaji